MAELEZO KWA WAHITIMU NA WAZEE: NAFASI ZA UZAMIVU NA ZA UTAFITI KATIKA IDARA ZA SAYANSI ZA VYUO VIKUU

Wananchi wanafahamishwa kuwa kusoma shahada ya uzamivu katika fani za sayansi hakufuati njia ileile ya shahada ya kwanza. Anayetaka shahada ya kwanza huomba chuo, hupata barua ya kukubaliwa, kisha hutafuta wa kumlipia. Anayetaka uzamivu wa sayansi akifuata utaratibu huohuo, aghalabu hujikuta na barua nzuri mkononi ambayo haina fedha, haina maabara, wala haina msimamizi anayemngojea.

Maelezo haya yametayarishwa ili wahitimu wetu wa Unguja na Pemba, pamoja na wazee wanaowagharamia, wafahamu nafasi hizo ni za namna gani, hupatikana vipi, na ni mambo gani ya kuulizwa kabla mtu hajatia saini wala hajatoa fedha.

1. MAANA YA NAFASI

Elimu ya sayansi katika daraja ya uzamivu haipatikani kwa kalamu na karatasi peke yake. Mwanafunzi wa kemia anahitaji maabara, kemikali na mashine za kupimia. Mwanafunzi wa sayansi ya bahari anahitaji chombo cha kwendea baharini, mafuta, vifaa vya kuzamia na mahali pa kuhifadhia sampuli. Hata mwanafunzi wa hisabati, ambaye vyombo vyake ni vichache, anahitaji msimamizi aliyebobea katika tawi lilelile la hisabati analolishughulikia yeye.

Gharama hizo aghalabu hubebwa na mradi wa utafiti. Mwalimu wa chuo huandika pendekezo la utafiti na kuliwasilisha kwenye mfuko au taasisi inayotoa ruzuku. Pendekezo likikubaliwa, hupewa fedha kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 3 hadi 5, na ndani ya fedha hizo hutengwa fungu la mwanafunzi wa uzamivu. Hapo ndipo nafasi inapozaliwa. Haizaliwi katika ofisi ya udahili, bali katika idara na katika mradi.

Kwa hivyo nafasi kamili husimama juu ya nguzo tatu, nazo ni msimamizi, mradi na fedha. Ikikosekana moja, jengo haliwezi kusimama. Barua ya kukubaliwa husema kwamba chuo kinakuruhusu kujiandikisha. Barua ya nafasi husema nani atakulipa, kiasi gani, kwa muda gani, na utafanya kazi chini ya nani. Hizi ni barua mbili tofauti, na aliyepata ya kwanza bado hajapata ya pili.

2. DARAJA ZA NAFASI

Katika idara nyingi za sayansi nafasi za utafiti zimepangwa kwa daraja kama ifuatavyo:

(a) Mtafiti msaidizi. Huyu huajiriwa na mradi kwa muda mfupi kukusanya takwimu, kutunza maabara au kuandaa sampuli. Mara nyingi shahada ya kwanza au ya uzamili humtosha. Kazi hii huonekana ndogo, lakini kwa mhitimu asiye na jina ni mlango mzuri, kwa kuwa humpatia uzoefu na humpatia mwalimu atakayeweza kumshuhudia kwa maandishi.

(b) Mwanafunzi wa uzamivu. Huyu hufanya utafiti wake mwenyewe chini ya usimamizi, huandika tasnifu na kuitetea mbele ya wataalamu. Katika sayansi, na hasa katika vyuo vya Ulaya ya Kaskazini, tasnifu mara nyingi huwa ni mkusanyo wa makala kadhaa za majarida ya kitaaluma, zikitanguliwa na maelezo yanayoziunganisha.

(c) Mtafiti baada ya uzamivu. Huyu keshapata shahada yake, na huajiriwa kwa mkataba, aghalabu wa mwaka 1 hadi 3, ili aongeze uzoefu na machapisho. Nafasi hii ni daraja la kuvukia na si nyumba ya kuhamia. Wako wanaopita kutoka mkataba hadi mkataba kwa miaka mingi bila ya kupata ajira ya kudumu, na jambo hilo lifahamike mapema.

(d) Ngazi za ualimu. Katika vyuo vyetu vya Tanzania mhitimu bora wa shahada ya kwanza huweza kuajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi, na mwenye uzamili kuwa mhadhiri msaidizi. Ngazi ya mhadhiri kwa kawaida huhitaji uzamivu. Hivyo mwajiriwa wa ngazi za chini hutarajiwa kusoma, na chuo chake huwa na sababu ya kumsaidia kupata nafasi.

3. DESTURI ZA NCHI MBALIMBALI

Waombaji wengi hudhani kuwa neno "mwanafunzi" lina maana moja duniani kote. Sivyo. Hali ya mwanafunzi wa uzamivu hutofautiana sana baina ya nchi na nchi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu ataishi kwa raha au kwa dhiki.

Sweden. Masomo ya uzamivu yamepangwa kwa miaka 4 ya kazi kamili. Mwanafunzi hatozwi ada, awe ni raia au mgeni, japokuwa tangu mwaka 2011 wageni wengi kutoka nje ya Ulaya hutozwa ada katika shahada ya kwanza na ya uzamili. Chuo hakiruhusiwi kumpokea mwanafunzi wa uzamivu mpaka kiridhike kwamba fedha za kumweka kwa muda wote zipo. Wengi huwa ni waajiriwa wa chuo wenye mshahara, na huweza kupewa kazi za kufundisha zisizozidi sehemu moja ya tano ya muda wao. Nafasi hutangazwa kama ajira nyingine, zikiwa na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Utetezi hufanywa hadharani, na vyuoni humo ingalipo ada ya kuitangaza tasnifu wiki 3 kabla kwa kuipigilia nakala yake msumari ubaoni, ili kila mwenye hoja apate wasaa wa kuisoma.

Uholanzi. Hapa pia wengi wa wanafunzi wa uzamivu huajiriwa kwa mkataba unaofikia miaka 4. Mkataba wa kwanza aghalabu huwa wa mwaka mmoja au zaidi kidogo, kisha maendeleo ya mwanafunzi hupimwa, na akiridhisha huongezewa muda uliobaki. Mwombaji asifadhaike akiona mkataba mfupi mwanzoni, lakini ajue kuwa mwaka wa kwanza ni wa mtihani.

Ujerumani. Wanafunzi wengi wa sayansi huajiriwa katika mradi au idara, na mkataba huwa wa sehemu tu ya wiki ya kazi, kama vile nusu au thuluthi mbili, na malipo hufuata sehemu hiyo ingawa maabara humtaka mtu siku nzima. Ada ya masomo kwa kawaida haipo, ila kuna mchango wa kila muhula. Pamoja na njia hiyo, lipo shirika la DAAD, lililoasisiwa mwaka 1925, ambalo hutoa misaada ya masomo kwa wageni, ikiwemo misaada ya kusoma katika vyuo vya Afrika kwenyewe.

Uingereza. Hapa mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Mwenye ufadhili hupewa posho ya kuishi na kulipiwa ada, kwa miaka 3 hadi 4. Ada za wageni ni kubwa, hivyo asiye na ufadhili kamili asikubali nafasi kwa matumaini kwamba mengine yatajulikana mbele ya safari. Kwa wananchi wa nchi za Jumuiya ya Madola upo mpango wa misaada ya masomo ulioanzishwa mwaka 1959, ambao wapo Watanzania walionufaika nao.

Marekani. Idara nyingi za sayansi huwapokea wenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika uzamivu. Muda ni mrefu, miaka 5 au zaidi, na ile ya mwanzo ni ya madarasa na mtihani wa kuvuka. Mwanafunzi husamehewa ada na kupewa posho kwa sharti la kufundisha katika maabara za wanafunzi wa chini yake au kufanya kazi katika mradi wa mwalimu wake. Masharti ya viza hubadilika mara kwa mara, kwa hivyo mwombaji ayaulize yalivyo wakati anapoomba, wala asitegemee habari za aliyesafiri miaka iliyopita.

4. NAFASI ZA NYUMBANI NA ZA JIRANI

Si lazima mtu avuke bahari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970, hutoa uzamivu katika fani nyingi za sayansi. Taasisi yake ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1978, ipo hapahapa Unguja, na ni moja kati ya mahali pachache katika ukanda huu ambapo mtu huweza kufanya utafiti wa bahari akiwa kando ya bahari yenyewe. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001. Arusha ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoundwa mahususi kwa masomo ya uzamili na uzamivu.

Kwa jirani zetu wa Kenya ipo taasisi ya icipe, iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, inayotafiti wadudu na athari zao kwa afya, mifugo na mazao. Tangu mwaka 1983 taasisi hiyo imeendesha mpango wa kuwasomesha Waafrika uzamivu kwa namna ya pekee: mwanafunzi husajiliwa na chuo kikuu, lakini hufanya utafiti wake katika maabara na mashamba ya taasisi. Mfano huo unaonyesha kuwa nafasi nzuri huenda isiwepo katika chuo chenyewe, bali katika taasisi inayoshirikiana nacho.

Lipo pia shirika la TWAS, lenye makao yake Trieste, Italia, lililoasisiwa mwaka 1983 chini ya uongozi wa Profesa Abdus Salam wa Pakistan, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979. Kazi yake ni kuinua sayansi katika nchi zinazoendelea, na miongoni mwa misaada yake ni ile ya kusoma uzamivu katika nchi nyingine za Kusini. Katika mji huohuo yapo makao ya jumuiya ya wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, OWSD, ambayo huwasaidia wanawake kusoma uzamivu wa sayansi. Wanafunzi wa kike wahimizwe kuufuatilia msaada huo, kwani wengi hawaujui. Kwa wanaoshughulika na bahari, jumuiya ya WIOMSA, yenye makao makuu hapa Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti katika Bahari ya Hindi ya Magharibi.

Baina ya kukaa na kwenda ipo njia ya kati. Mwanafunzi husajiliwa nyumbani au nje, hukusanya takwimu zake nyumbani, na huenda nje kwa miezi kadhaa kila mara ili atumie mashine zisizopatikana hapa na akae na msimamizi wa pili. Kwa njia hiyo wanasayansi kadhaa wa bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipata shahada zao kwa ushirikiano na vyuo vya Sweden. Faida yake ni kuwa mtafiti haachani na mahali anapopatafiti, wala idara yake haibaki tupu kwa miaka minne mfululizo.

5. MTAJI WA MWOMBAJI WA VISIWANI

Baadhi ya vijana hujidharau kwa kuwa wametoka katika chuo kidogo. Wakumbuke kwamba msimamizi wa nje anatafuta mtu atakayejibu suala fulani, na yapo masuala ambayo majibu yake yako huku.

Mwaka 1989 ulipoanza ukulima wa mwani wa biashara katika vijiji vya Paje na Jambiani, hapakuwa na aliyejua utakavyokwenda baada ya miaka thalathini. Baadaye aina ya mwani yenye bei kubwa ilianza kufa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto, na wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, wakabaki na aina ya bei ndogo. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi zake hapa Zanzibar, alishirikiana na wakulima hao katika kujaribu mbinu za kulima kwenye maji ya kina kirefu zaidi. Suala hilo la joto la bahari na uhai wa mwani bado lina nafasi ya watafiti wengi.

Mfano wa pili ni mbung'o. Baina ya mwaka 1994 na 1997 mbung'o madume zaidi ya milioni 8, waliozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, walimwagwa kwa ndege juu ya Unguja, ili wajike wa porini wapandwe bila ya kuzaa. Mbung'o wa mwisho wa asili alinaswa Septemba 1996, na ng'ombe wa Unguja wakapona ugonjwa wa nagana. Kazi ile ilihitaji wataalamu wa wadudu, wa mifugo, wa mionzi na wa takwimu kwa pamoja.

Kijana anayeijua ardhi na bahari yake, anayesema lugha ya wavuvi na wakulima, na aliyekwisha kukusanya takwimu japo za mwaka mmoja, ana mtaji asiokuwa nao mwombaji wa mbali. Autaje mtaji huo katika barua yake.

6. NAMNA YA KUOMBA

Kwanza, soma. Tafuta makala za karibuni za fani unayoitaka, uangalie majina ya waandishi na idara zao. Huko ndiko waliko wasimamizi wako.

Pili, mwandikie msimamizi barua pepe fupi, yenye ukurasa mmoja usiojaa. Jitambulishe, taja kwa usahihi kazi yake moja uliyoisoma na suala lililokushughulisha ndani yake, eleza ulichokwisha kukifanya, kisha uliza kama ana nafasi au anatarajia kuwa nayo. Barua moja iliyonakiliwa kwa walimu mia hutambulika kwa mstari wa kwanza, na hutupwa. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili au tatu, kisha endelea na mwingine bila ya kinyongo.

Tatu, tayarisha hati zako kabla nafasi haijatangazwa: wasifu wa kielimu, nakala za vyeti na za matokeo ya kila somo, muhtasari wa tasnifu ya uzamili, ushahidi wa lugha unapotakiwa, na pasipoti iliyo hai. Wengi hukosa nafasi kwa sababu matokeo yao yamechelewa kutolewa na chuo walichosoma.

Nne, chagua wadhamini wanaokujua. Barua ya mwalimu aliyekusimamia katika maabara, inayoeleza ulitenda nini, ina uzito kuliko barua ya mkubwa mwenye cheo asiyeweza kusema zaidi ya kwamba wewe ni kijana mwenye adabu.

Tano, jiandae na mahojiano, ambayo siku hizi mara nyingi hufanywa kwa kompyuta. Utaulizwa juu ya kazi yako mwenyewe. Asiyejua jibu aseme kuwa hajui na aeleze angelitafuta vipi, kwani mtafiti hupimwa hasa kwa jambo hilo.

7. MASUALA YA KUULIZA KABLA YA KUKUBALI

(a) Nani analipa, na fedha zimekwisha kupatikana au bado zinaombwa?
(b) Ni mshahara au posho, na baada ya kodi, pango na bima hubaki kiasi gani katika mji huo?
(c) Muda wa fedha unalingana na muda wa masomo? Ruzuku ya miaka 3 kwa masomo ya miaka 4 huacha mwaka mmoja wa njaa, nao ni mwaka wa kuandika.
(d) Ada ni kiasi gani, na gharama za maabara na za safari za utafiti ni juu ya nani?
(e) Msimamizi ana wanafunzi wangapi, na waliotangulia walimaliza? Inaruhusiwa, na ni busara, kuwaandikia wanafunzi wake na kuwauliza.
(f) Takwimu na sampuli zitakazochukuliwa visiwani zitahifadhiwa wapi, na kibali cha utafiti kitaombwa na nani?
(g) Kama mwombaji ni mtumishi wa umma, ruhusa ya mwajiri ipo kwa maandishi?

Mwalimu mkweli hataudhika kwa masuala hayo. Akiudhika, hilo nalo ni jibu.

8. TAHADHARI KWA WAZEE

Nafasi ya kweli ya uzamivu au ya utafiti haiuzwi. Vipo vyuo vinavyotoza ada ndogo ya fomu, na ada hiyo hutangazwa wazi na hulipwa kwa chuo chenyewe. Mtu anayetaka alipwe yeye ili "akupatie nafasi" anauza asichokuwa nacho. Kila tangazo lithibitishwe katika tovuti ya chuo husika, na kila shahada ya nje iulizwe mapema kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama inatambuliwa, ili kijana asirudi na cheti kisichokubalika kazini.

Aidha, mzee asiuze shamba la mikarafuu kwa ajili ya barua ya kukubaliwa isiyo na fedha. Uzamivu wa sayansi ni kazi inayopaswa kulipwa au kufadhiliwa. Mwaka mmoja wa kungojea huku kijana akifanya kazi ya mtafiti msaidizi, akiandika makala yake ya kwanza na kuwaandikia wasimamizi, ni bora kuliko mwaka mmoja ughaibuni bila ya kodi ya chumba. Shamba likishauzwa halirudi, na nafasi iliyokosekana msimu huu hutangazwa nyingine msimu ujao.

Mhitimu mwenye hamu ya kuendelea asingoje tangazo libandikwe ukutani. Aanze wiki hii kwa kusoma makala moja ya fani yake na kuandika jina la aliyeiandika.